Mkono Alioogopa Kuutumia

Jumatano

Kumbe nimekuwa nikimgombeza mwanangu bure. Kila Salma anapompa mgeni kikombe kwa mkono wa kushoto, mimi juu yake: "Kulia! Nimekufunza nini?" Jumapili wifi yangu alimcheka mbele ya wageni, "Miaka kumi na minne, na adabu bado iko madukani?" Salma akainamisha kichwa.

Leo nilimpeleka kliniki kwa ajili ya uti wake wa mgongo uliopinda. Daktari wa mazoezi alimwambia ainue mikono yote miwili, asiishushe. Wa kushoto ukakaa. Wa kulia ukatetemeka, ukashuka wenyewe.

"Mgongo wake unavuta bega, mama," akaniambia. "Mkono huu unachoka mapema."

Tukirudi, pale barabara ya Ndia Kuu, nikamuuliza mbona hakunambia.

"Nilikuwa naogopa kumwagia mtu kahawa ya moto. Bora kugombezwa."

Bora kugombezwa!

Baada ya Isha nimeleta istighfari, lakini haki ya mja haifutwi na sijida, lazima umwendee mwenyewe. Nikamwendea chumbani kwake. "Niwie radhi, mwanangu."

"Nishakuwia radhi, mama." Akanipa chanuo. "Nisuke basi. Mkono haufiki nyuma."

Tangu mwaka jana alikuwa akijifungia mlango ajisuke peke yake, nami nikidhani ni kiburi cha usichana. Ya Rabi, nilidhani ni kiburi.

Nimemsuka polepole, mpaka akasinzia magotini pangu.