Hoja ya Mbu

Jumatatu, 4 Aprili 1938

Mvua tangu alfajiri. Mahakamani kesi tatu, zote za kupigana. Wa kwanza kamvunja mkewe mkono. Hakimu akamwuliza sababu. Akajibu kwamba babu yake alimpiga bibi yake na wakaishi wakapendana mpaka uzee. Nikaandika neno kwa neno. Karani huandika hata upuuzi. Nyumbani nimeunakili humu, na chini yake nimeandika: desturi ya zamani haimgeuzi dhalimu kuwa mwema.

Wa pili kamng'ata jirani sikio. Utetezi: jirani ni mwizi wa nazi. Labda ni mwizi kweli. Lakini hakuulizwa habari za nazi.

Nalipenda daftari hili la hoja mbovu. Najiona mwenye akili kuliko Kinondoni nzima. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumatano, 6 Aprili

Yakobo karudi jioni kalowa chepechepe. Ni mpangaji wangu, chumba cha uani. Mnyamwezi, mtu wa Idara ya Afya. Masika yakiingia hupita nyumba kwa nyumba kukamata mbu. Huweka mrija mwembamba wa mpira mdomoni, ncha yake ya kioo ukutani, huvuta pumzi, mbu kaingia. Humpuliza kwenye kichupa, huziba kwa pamba, huandika jina la mwenye nyumba. Mjini huwatazama kwa darubini wajue homa inaanzia wapi.

Mtu mpole, hula kwetu. Mke wangu Zainabu humwita shemeji. Mie Mzaramo, yeye Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani na baina yetu hakuna tusi. Leo kaniita mtumwa wake aliyetoroka. Nikamwuliza kama ule mzigo wa Mwarabu ameshaufikisha pwani au bado kaulalia njiani. Zainabu alicheka hata akamwaga mchuzi.

Ijumaa, 8 Aprili

Baada ya swala, barazani kwa muuza kahawa. Ubishi. Shomari seremala anashikilia kuwa vita vya Mdachi vililetwa na nyota yenye mkia, maana nyota ilionekana kwanza. Nikamwambia jogoo naye huwika kwanza, je, ndiye anayelitoa jua? Watu wakacheka. Shomari akasema mtu asiyejua kushika randa hawezi kumfundisha yeye kitu. Nikamwonyesha mbele ya wote kwamba kanitukana mimi na hoja kaiacha palepale. Alikunja uso. Nilifurahi sana.

Hapo Yakobo akapita na vichupa vyake. Nikataka kuwaonyesha jinsi maneno yanavyoweza kupangwa vizuri yakazaa uongo. Nikasema kwa sauti: "Mbu kanyonya damu yetu. Yakobo kanyonya mbu. Basi Yakobo kanyonya damu yetu. Mwoneni mumiani huyo!"

Baraza zima likaangua kicheko. Yakobo akajibu kwamba damu ya Mzaramo chungu, hata mbu huitema. Siku nzuri.

Jumatatu, 11 Aprili

Zainabu kasikia kisimani kwamba mumiani kaingia mtaani, anawanyonya watu damu ikauzwe ng'ambo kwa dawa. Kawauliza nani kasema. Wakamjibu: kila mtu anasema, na watu wote hawawezi kukosea. Nimeinakili hoja hiyo. Nzuri sana.

Zainabu hakuona uzuri wake. Kaniuliza kama ni mimi niliyeanzisha. Nikamwambia ule ulikuwa utani, kila mtu anajua utani. Akasema mumiani hataniwi.

Jumatano, 13 Aprili

Mtoto wa Shomari kafa jana. Mwanahawa, miaka minne. Homa. Tumemzika leo asubuhi kwenye matope.

Yakobo aliingia nyumba ile juzi Jumatatu. Watu waliona kichupa chenye jina la Shomari, na mbu ndani wamejaa wekundu. Pale makaburini mtu mmoja akasema: kaingia Jumatatu, mtoto kafa Jumanne. Wengine wakaitikia kama wanaitikia dua.

Mtoto alianza kuchemka Jumapili. Najua, Zainabu alipeleka uji. Waliomwua ni mbu, na Yakobo ndiye mtu pekee Kinondoni aliyekuwa akiwafuata. Yote hayo nilikuwa nayo mdomoni. Lakini Shomari alikuwa kapiga magoti, mchanga wa kaburi umemjaa mikononi, na mie Ijumaa nilimcheka. Nikanyamaza. Naona aibu na sijui ni aibu ya lipi.

Alhamisi, 14 Aprili

Baiskeli ya Yakobo imepondwa kwa mawe mchana, mbele ya mlango wangu. Vichupa vyote vimevunjwa. Mbu waliosagwa wameacha madoa ukutani na watu wamekuja kuyatazama, wanawake wamebeba watoto. Jirani kanikabili: "Kama si damu, ni nini?" Nikasema ni damu. Akageuka kuwatazama wenzake kana kwamba nimetia saini.

Barazani mtu akaniambia: "Sie tunajuaje? Karani mwenyewe ndiye kasema." Nikamtandika kofi. Kahawa ikamwagika, wakatushika. Kofi si jibu. Naliandika humu, orodha moja na yule mng'ata sikio.

Watamwua. Naliandika nilione. Nimemsihi Yakobo alale mjini kwa Wanyamwezi wenzake. Kagoma. Anasema akikimbia watasema amekiri. Nikamwambia anayekimbia mawe hakiri kitu, anakimbia mawe. Akacheka, akaniambia mtumwa hampangii bwana wake pa kulala. Kesho ni Ijumaa Kuu, atakwenda kanisani, Jumamosi ataondoka. Ingenipasa kumtoa kwa nguvu.

Jumamosi, 16 Aprili

Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi kama za mtoto wa chuo cha Kurani.

Jana. Yakobo katoka kanisani, watu wa mtaa wametoka msikitini. Saa ile ile. Nilitangulia mbio nikasimama kwenye mlango wa uani na mchi wa kinu. Kama watu arobaini. Mipini ya majembe, mawe, Shomari na tezo yake. Mvua.

Nilipiga kelele kwamba ulikuwa utani. Mmoja akasema utani hausemwi bila kuwa na kweli ndani. Wa pili: karani huandika viapo vya watu, hawezi kusema uongo. Nikasema basi nasema sasa, hana kosa! Wa tatu: anamtetea, na kwa nini amtetee kama hawagawani fedha ya damu? Kila mmoja nilikuwa na jibu lake. Jiwe la kwanza likanipata mdomoni.

Shomari alikuja mbele. Nilimpiga mchi begani na nikasikia mfupa. Baba aliyezika juzi. Kisha mpini ukaangukia mkono wangu juu ya fremu ya mlango. Vidole vitatu vimevunjika. Nikaanguka wakanipita juu.

Wakamvuta Yakobo kwa miguu kutoka chumbani. Alishikilia kitanda, kitanda kikaja naye. Wakampiga mbavu, wakampiga mgongo. Mwanamke mmoja ninayemjua, aliyewahi kukopa chumvi kwetu, alimpiga usoni kwa ubao wa mbuzi ya nazi, akarudia, akarudia. Jiwe likaingia jicho la kushoto. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake. Hakuomba. Alikuwa akimwita mama yake kwa Kinyamwezi.

Zainabu ndiye aliyewazuia. Aliokota ule mrija wa Yakobo wa kunyonyea mbu, akaupenya umati, akauweka mdomoni, akavuta mbu ukutani mbele ya macho yao. Akamtema kiganjani. Akasema: "Na mie mumiani, basi. Haya, nipigeni. Anzeni nyie mliosomeshwa na baba yangu."

Baba yake, Mungu amrehemu, aliwasomesha Kurani nusu ya wale. Mipini ikashuka. Hawakusadiki chochote. Waliona haya kwa marehemu mwalimu wao. Hiyo nayo si hoja. Naishukuru.

Jumanne, 19 Aprili

Askari wamewachukua watu sita, Shomari mmojawapo, mkono umetundikwa shingoni kwa kitambaa. Yakobo yupo hospitali ya mjini. Yu hai. Jicho limekwenda, mbavu nne zimevunjika. Mganga wa huko anasema akiivuka wiki hii ataishi.

Nimeitwa kutoa ushahidi. Kesi itaandikwa na karani mwingine. Wataniuliza maneno ya mumiani yalianzia kwa nani. Tangu jana najitengenezea majibu. Hofu ya mumiani ilikuwapo kabla yangu. Ni kweli. Watu wazima wana akili zao. Ni kweli. Shomari alikuwa na uchungu wa mwana. Ni kweli. Nikizipanga hizo kweli tatu naweza kutoka mahakamani safi kabisa, na hakimu atanisadiki, maana ananijua.

Nimemsomea Zainabu. Alikuwa akichambua mchele. Kasema: "Vizuri." Akainuka akaenda jikoni. Najichukia.

Ijumaa, 22 Aprili

Nimesema. Mbele ya hakimu, mbele ya Shomari. Nimetaja siku, baraza na maneno yenyewe kwa mpango wake. Karani mpya aliniomba niyarudie polepole ayaandike vizuri. Nikayarudia. Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akajizuia.

Shomari hakuinua macho.

Alhamisi, 28 Aprili

Nimekwenda hospitali. Zainabu kanipa uji wa mchele kwenye kopo. Yakobo kakaa kitako, kichwa chote bendeji, jicho moja tu laonekana. Nilimnywesha kwa kijiko, mkono wa kushoto, nikamwagia shukani.

Nikamwambia yote, hata ile hotuba niliyotaka kujitetea nayo. Hakunikatiza. Nilingoja aniite mtumwa. Ningelipa chochote aniite hivyo.

Akaniuliza jambo moja. "Bwana Karani, siku ile barazani, wewe mwenyewe uliamini?"

Nikasema la. Hata kidogo.

Kisha akasema, bila ukali, "Wenzako waliamini."

Nilitafuta kosa katika maneno hayo. Nimelitafuta njia nzima mpaka daraja la Msimbazi, na hapa mezani bado nalitafuta. Wiki ijayo anapanda gari moshi kurudi Tabora. Zainabu anamfulia mashati. Nimemsaidia kuyaanika, mvua imeacha.