Kiraka cha Zulia la Nyumba ya Nne

Kwa mkono wa duka la Keinan,
Garissa.
14 Machi, 1966.

Mpendwa Shangazi Amran,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Mombasa, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu mvua zilipokatika. Sisi huku tu hai, alhamdulillahi. Joto ni lile lile, na jua likishatua hakuna ruhusa ya kutoka nje. Mama anakohoa kidogo lakini anakula.

Bila shaka umesikia kwamba Lul, binti wa marehemu ami Bare, yuko kwetu. Alikuja mwaka jana kutoka Eldas, baada ya ngamia wao kuchukuliwa wote katika vurugu hizi. Alifika na nguo aliyovaa na birika moja. Nilimpokea kama ndugu, Shangazi. Nilimfundisha kazi uliyonifundisha wewe, ya kushona mazulia, na nikamwombea kibali cha kuingia pamoja nami katika nyumba za maofisa.

Kazi haikosekani, maana siku hizi maofisa wanahamishwa kila mara. Mmoja akiondoka, sisi huingia kabla ya mwingine kufika: tunaziba matundu, tunashona pindo zilizofumuka, tunarudisha matamvua yaliyoliwa na mchwa. Kisha msimamizi wa nyumba, Bwana Duale, hukagua na kukabidhi ufunguo.

Sasa nitakuambia jambo ambalo ningependa ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa mtu mwingine.

Mkono wa Lul ni mwepesi kuliko wangu. Nililiona hilo tangu mwezi wake wa pili kazini, na halikunifurahisha. Nilikuwa nikiamka nikitafuta kosa katika mishono yake, na siku nisipolipata chakula hakikunishuka.

Wiki iliyopita tuliitwa nyumba ya nne. Mwenyewe alikuwa akihamia Nyeri, na zulia kubwa jekundu la sebuleni lilikuwa limeungua kwa makaa, tundu la upana wa sahani. Bwana Duale alimpa Lul zulia hilo. Mimi nilipewa mikeka ya barazani. Lul alichomoa nyuzi kutoka ukingo unaofichwa na kabati, akazitumia kuziba tundu, na wekundu ukalingana kabisa. Mke wa ofisa alipitisha mguu mtupu hapo, akatafuta, asipaone. Akasema mbele yangu, "Huyu ndiye fundi."

Miaka sita nimeingia nyumba zile, Shangazi, na sijawahi kuambiwa hivyo.

Walipokwenda jikoni kunywa chai nilibaki sebuleni. Niliinua zulia, nikakata mafundo ya Lul kwa upande wa chini, moja baada ya jingine, kisha nikalilaza na kulipapasa kwa kiganja. Kwa juu halikuonyesha kitu. Nilitaka tu aaibike siku ya ukaguzi, wajue kwamba fundi ni mimi.

Jumamosi wakakagua. Kiti kilivutwa, na kiraka kikatoka chote. Bwana Duale angeishia kumlaumu tu. Lakini alikuwapo askari, akageuza zulia na kuona limekatwa kwa makusudi. Akauliza ni nani aliyekuwa akitafuta mahali pa kuficha kitu katika nyumba ya ofisa. Akauliza Lul ametoka wapi. Aliposikia Eldas, na kwamba ana kaka ambaye hajulikani alipo, alisema kaka huyo yuko porini na waasi, akampeleka kituoni.

Habari zilinifikia adhuhuri. Ningependa kukuambia nilikimbia. Sikukimbia. Nilikaa na mama, nikachambua mchele, na moyo wangu ukaniambia kwamba Jumatatu sebule zote zitakuwa zangu. Mama aliniuliza Lul yuko wapi, maana chakula chake kinapoa. Hapo nikashindwa kumtazama usoni.

Baada ya sala ya alasiri nilikwenda kituoni na mkasi wangu. Nikamwambia mkubwa wao, "Niliyekata ni mimi. Hakuna cha siri humo. Ni wivu." Hakuniamini mpaka waliponiletea zulia nikawaonyesha jinsi nilivyokata. Bwana Duale aliitwa, akanisikiliza mpaka mwisho, akaninyang'anya kibali. Lul alitolewa jua likikaribia kutua.

Tulitembea kwa haraka tusikutwe njiani. Mlangoni akasimama. Akauliza kwa sauti ya chini, "Abshiro, usingekuja, mimi ningepelekwa wapi?" Aliingia, akala chakula kilichopoa.

Jana alirudi peke yake akalishona zulia upya, na leo asubuhi mgeni wa nyumba ya nne ameingia. Wanasema halionyeshi kitu. Hata sasa ninapoandika maneno hayo, Shangazi, kitu kinanichoma kifuani. Nilidhani nikisema kweli wivu utaniondoka. Haujaondoka. Jana na leo Lul ameondoka asubuhi, mimi nikabaki na mama, na jioni akaingia na unga bila kunisimanga. Afadhali angenisimanga.

Sikuombi unitetee, wala usinifiche kwa ndugu. Niombee tu.

Nisalimie mjomba Alio, na Saado na watoto wake, na umwambie Gelle shati alilotuma limefika salama. Mama anakusalimu sana. Allah akuponye goti na atukutanishe tukiwa na amani.

Ukijibu, andika jina la Lul kwanza juu ya bahasha, halafu langu. Nitaumia, najua. Andika hivyo hivyo.

Mimi binti yako, ninayekupenda hata katika aibu hii,

Abshiro