Vijiko Viwili vya Hamira

Kwako Dada yangu, mwoka mikate,

Pokea salamu zangu. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na tanuri bado lina moto. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayakuta humu.

Dada, wiki tatu hupokei simu yangu, na mama ananijibu neno moja moja. Nami nina ya moyoni. Ufundi wa friji nilijifunza mwenyewe, hakuna aliyenilipia hata daftari, lakini kwenu mimi ni Baridi yule yule wa kuchekwa. Niliposema nitapika bia nyumbani, wewe ndiye uliyenitania mbele ya shemeji kwamba fundi friji atashindwa kupoza ndoo moja.

Dukani muuzaji aliniwekea pakiti mbili za hamira ya bia. Moja inataka joto la nyuzi 18 hadi 22, nyingine 10 hadi 14. Akanishauri kwamba anayeanza achukue ya kwanza, haina makuu, joto la chumba linaitosha. Chumba changu kina nyuzi 21, nilishapima. Lakini utani wako ulikuwa bado unaniwasha. Nikabeba ya baridi.

Ndoo nikaiweka kwenye friji, nyuzi 12 kamili. Muuzaji alinionya kwamba kwa baridi hiyo povu huchelewa, nisiwe na papara. Siku ya nne ukaja umetoka kukanda, mikono ina unga. Ukaikuta ndoo sakafuni, ukafunua kifuniko, ukasema inanukia mkate. Nikakufokea uifunike.

Bia ilipoiva na mwenye mgahawa niliyekuwa namtengenezea friji alipokuja kuonja, funda la kwanza alilirudisha kwenye glasi. Akauliza kama nimempa bia au donge la unga lililochacha. Shemeji akaangua kicheko. Hapo nikatamka kwamba dada yangu alitia mikono yenye hamira ndooni. Mwenye mgahawa akauliza kama ni dada huyo huyo anayempelekea mikate. Nikaanza kukusanya glasi. Kesho yake akakataa mikate yako. Mikate 60 kila asubuhi.

Dada, hukugusa kitu ndani ya ndoo. Siku ya tatu sikuona povu, nikaitoa ndoo kwenye friji, nikatia vijiko viwili vya hamira ya mkate uliyomwachia mama jikoni. Nilijiambia hamira ni hamira. Harufu uliyoinusa niliitia mimi, na nilikufokea kwa kuwa pua yako ilikuwa imeshanikamata.

Jana nilikwenda nikamwambia mwenye mgahawa yote, wahudumu wakisikia. Mikate yako ataipokea kuanzia Jumatatu. Friji zake mbili nilizokuwa nazihudumia amempa fundi mwingine. Sikubisha. Mama naye nimeshamweleza. Akanijibu neno moja: andika.

Nimeanza ndoo nyingine, kwa hamira ya nyuzi 18 hadi 22. Ipo chumbani, bila friji, na leo siku ya pili inatoa povu. Sijaifunua. Njoo uinuse wewe kwanza, hata kama unatoka kukanda.

Nisalimie watoto, na shemeji pia, akitaka kucheka acheke.

Ni mimi mdogo wako,
Baridi