Umri wa Bibi

Jumamosi, 2 Machi

Kikao cha leo cha kikundi chetu kimeharibika. Tulikuwa vizuri tu, wanne pamoja nami wa tano, chumba cha nyuma cha kiwanda cha uchapaji, harufu ya wino kama kawaida. Mpishi na Bi Kufuli wakigombania mambo ya mwaka 1993 utadhani walikuwepo. Mara mwenye kiwanda akaingia bila hodi. Ameuza jengo! Jumamosi ijayo chumba kiwe kitupu — meza, mashine na sisi wenyewe.

Sote tuligeuka tukamtazama Bibi.

Bibi ni kompyuta. (Mama juzi kaniuliza kwa sauti ya chini kaka yangu anashinda na bibi gani huko kiwandani, na kama ana watoto.) Ni seva nzee, nzito, imelala kwenye rafu chini ya dirisha, inavuma kutwa kucha. Inaendesha FreeBSD, mfumo mmoja wa ile familia ya mifumo ya kuendeshea kompyuta iitwayo BSD, inayotukutanisha kila Jumamosi. Barua za kikundi hupitia humo, na misimbo ya programu za kale tunayoichambua kama watu wanaotafuta mawe kwenye mchele imo humo. Lakini sifa yake ni umri. Unaandika uptime, Bibi anakujibu amewaka muda gani bila kuzimwa. Miaka saba na ushei! Azimwe mara moja tu, umri unarudi sifuri.

Kaka ndiye aliyemwasha. Ndiye anayemfuta vumbi kwa brashi ya kunyolea. Leo alikaa ameshika tama mpaka tukafunga.

Jumapili, 3 Machi

Kumbe kuna jambo jingine! Kaka amepata kazi. Ameipata tangu Alhamisi na amekaa kimya. Mama amejua kwa sababu waliomwajiri walipiga simu ya nyumbani kuuliza kama anakuja au haji. Kampuni ya maji, mji wa mbali, kuangalia seva zao. Aripoti Jumatatu ya tarehe 11. Basi la kumfikisha kwa wakati linaondoka Jumamosi saa nane mchana, na halina la pili.

Tangu apunguzwe kazini hajapata kitu cha maana. Vibarua vya kusafisha printa za watu. Halafu leo anakuna kichwa!

Mama akamwuliza shida ni nini. Kaka akasema kule ni Linux kila kona, hakuna hata mashine moja ya BSD. Mama akamtazama muda mrefu.

"Wakikupa chai, mwanangu, utauliza imechemshwa na mfumo gani?"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kaka akainuka akaenda kiwandani. Jumapili!

Jumanne, 5 Machi

Nimeharibu lenzi mbili za miwani kazini. Moja nimeisaga kinyume, ya kulia ikawa ya kushoto. Mwenye duka hakupiga kelele, alinisogezea tu kiti na kusema nikae kwanza. Nilikaa. Nikainuka. Nikapanga fremu upya ukuta mzima, nyeusi kwa nyeusi, kahawia kwa kahawia, kisha nikazirudisha zilivyokuwa. Sijui nina nini. Najua nina nini. Nina kaka ambaye hataki kwenda.

Jumatano, 6 Machi

Kikao cha dharura. Chumba tayari nusu kitupu, sauti zinarudi kutoka ukutani.

Bi Kufuli alianza. Huyu anakata tiketi stendi, na nyumbani kwake ni OpenBSD, ndugu wa FreeBSD anayejisifia usalama, mpaka uvunguni. Anafunga kila kitu, sidhani kama kopo lake la sukari halina nenosiri. Alivaa ile fulana yake ya samaki bunju aliyejivimbisha, nembo ya OpenBSD, na yeye mwenyewe kajivimbisha hivyo hivyo.

"Miaka saba bila kuzima," akasema, "maana yake miaka saba kiini cha mfumo hakijabadilishwa. Viraka vyote vya usalama mmevipungia mkono vikipita. Mnajivunia mlango ambao haujawahi kufungwa!"

Kaka akawaka. Eti watu wa OpenBSD wasimfundishe adabu, wao walizaliwa kwa ugomvi, walitoka NetBSD mwaka 1995 wakibamiza mlango. Hapo Mpishi naye akachomwa, maana yeye ni NetBSD damu. Anapika hospitali, na kitu chochote chenye waya kikikaa karibu naye wiki moja kitaishia kuendesha NetBSD. Tunamtania kwamba hata kibaniko cha mkate hakiko salama. Akasema kama ni ugomvi, mbona hao FreeBSD nao waligawanyika 2003, wale wa DragonFly, yaani Kereng'ende, wakaenda zao? Ikawa vurugu. Kila mtu anamwaga miaka, matoleo, nani alimnyima nani ruhusa ya kuandika kwenye msimbo. Na mimi katikati yao nimeshika kikombe kitupu. Nawapenda watu hawa, lakini leo nilitaka kuwapiga wote kwa kibodi!

Mwalimu alisubiri wachoke. Anafundisha hesabu, amezoea kusubiri kelele ziishe. Akasimulia ile kesi ya mwanzo wa BSD. Namna chuo kikuu kilivyoandika upya mfumo wa kampuni ya simu kipande kwa kipande, kampuni ikadai kwamba bado kuna mali yake ndani. Kesi ikaisha mwaka 1994. Katika faili kama elfu kumi na nane, zilizoamriwa kuondolewa ni tatu. Tatu! Lakini FreeBSD walitakiwa waache msingi wa zamani wahamie mpya, na huo mpya ulikuwa na mapengo tele. Wakaziba mapengo. Kabla mwaka haujaisha toleo la 2.0 likatoka.

"Walianza upya," Mwalimu akasema, "na ndiyo maana leo tuna cha kugombania."

"Wao walilazimishwa na mawakili," Kaka akasema. "Mimi nalazimishwa na nani?"

"Na mwenye jengo," nikasema.

Walicheka wote ila yeye.

Ndipo Mpishi akasema kwa upole kwamba yeye na Bi Kufuli wamekwisha kunakili kila kitu. Barua, misimbo, yote, sehemu mbili tofauti. Bibi akizimwa na diski yake ikigoma kuamka, hatupotezi hata herufi.

"Inapotea namba," Kaka akasema.

Na kweli, sasa iko wazi kabisa. Hakuna kingine kinachopotea. Namba tu.

Tukiwa tunarudi nyumbani nilimwambia ukweli wangu wote. Kwamba Mama anazeeka akimngoja. Kwamba ile si mashine, ni kisingizio. Alitembea mpaka kwenye kona ya duka la magodoro, akasimama.

"Dada, kila nilichoshika kimesimama. Kazi ilisimama. Ule uchumba ulisimama. Hiki tu ndicho nilichokiwasha kikaendelea."

Nilikuwa na jibu kali, nikalimeza. Nimekasirika naye na ninamhurumia, vyote kwa mkupuo mmoja, na sijui niweke wapi mikono.

Alhamisi, 7 Machi

Wamekubali kumhamisha Bibi AKIWA ANAWAKA. Watu wazima! Wenye familia!

Mwalimu kampa nafasi sebuleni kwake, ng'ambo ya soko. Wataazima mkokoteni. Bi Kufuli anasema haungi mkono upuuzi huu hata kidogo, lakini atakuja kuona.

Kuhusu kazi, Kaka kasema "nitaangalia". Ataangalia nini? Basi?

Ijumaa, 8 Machi

Nimetoka dukani mapema nikapitia kiwandani. Kaka anafanya mazoezi. Bibi ana waya mbili za umeme, kila mmoja unatosha peke yake. Akachomoa wa kwanza, akauchomeka kwenye betri kubwa, ile ya akiba ya umeme ukikatika. Tukasikiliza. Bibi anavuma. Akachomoa wa pili. Anavuma! Mpishi akapiga kofi, Mwalimu akavua miwani akaifuta. Kaka aliniangalia kwa uso ambao sijauona miaka mingi, uso wa yule kaka aliyenifundisha baiskeli. Nikacheka naye. Kwa nini nisicheke?

Hofu ni diski. Imezoea kuzunguka mahali pamoja, mshtuko mmoja unaweza kuikwaruza. Wameleta vipande vya godoro. Wamepima njia, wamehesabu matuta. Laiti angeihesabu safari yake hivyo!

Betri yenyewe ya zamani. Niliuliza itadumu muda gani. Kaka kasema itatosha. Mpishi akaangalia dari.

Nyumbani Mama kapanga begi la Kaka, kaliweka mlangoni. Kaka akirudi hulivuka. Akitoka hulivuka.

Jumamosi, 9 Machi, asubuhi

Tunatoka sasa hivi. Kaka kanywa maji tu. Sikumwuliza chochote kuhusu basi. Roho yangu iko juu juu, nimefunga viatu mara tatu.

Jumamosi, mchana

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya kinyozi. Nisipoandika nitapiga mtu.

Tulianza vizuri. Mpishi mbele akivuta, bado na sare yake nyeupe ya hospitali, Mwalimu na Bi Kufuli ubavuni, Kaka nyuma kamkumbatia Bibi juu ya godoro kama anamzuia asianguke kitandani. Kompyuta yake ndogo ya mkononi imeunganishwa na Bibi ili aone hali. Watu wanatupisha. Mama mmoja kafunika mdomo kwa mkono. Kijana mmoja kauliza mgonjwa ana nini. Mpishi akajibu, uzee.

Kisha barabara ya soko — imechimbwa! Mtaro toka ukuta hadi ukuta, mafundi wa mabomba ndani yake mpaka kiunoni. Jana haukuwepo. Tukazunguka kwa mtaa huu wa nyuma, mrefu, wa mawe. Kila jiwe Kaka anafumba macho. Na hapo hapo betri ikaanza kulia. Pii. Kimya. Pii.

Kinyozi ni mtu mwema, kasema leteni waya. Tukachomeka. Hakuna kitu. Akapiga swichi, akagonga ukuta, akatoka nje akatazama juu. Umeme wa mtaa mzima umekatika, bila shaka ni hao wa mtaro. Duka la pili hakuna. La tatu hakuna. Bi Kufuli alikimbia mpaka kona, yeye aliyekuja kuona tu! Karudi anahema, hakuna.

Nilipoona hivyo nikafanya jambo. Nikainua kona ya godoro nikamwonyesha Kaka begi lake. Nililiweka humo asubuhi wakati wanafunga kamba. Nilidhani atanifokea. Alilitazama tu. Akauliza kama Mama anajua. Nikasema ndiye aliyenisaidia kulibeba.

Pii. Pii. Sasa inalia haraka.

Mwalimu kasema, betri ikiisha yenyewe, Bibi ataanguka ghafla, diski inaweza kuumia. Afadhali azimwe kwa utaratibu, na mkono wa mtu. Hakuna aliyebishana naye, hata Mpishi. Na hakuna aliyesogea.

Kaka kaifungua ile kompyuta ndogo magotini. Kwanza kaandika uptime. Hakutusomea. Kisha kaandika amri ya kuzima, shutdown -p now, herufi moja moja, na hajabonyeza. Amekaa hivyo. Kinyozi kazima hata redio yake ya betri.

"Dada," akaniambia, "bonyeza wewe."

Nikasema sibonyezi. Nikasema kwa ukali zaidi kuliko nilivyotaka, nikaja kukaa hapa kwenye ngazi. Nikibonyeza mimi, atasema maisha yake yote kwamba nilimzimia. Namjua.

Inakaribia saa saba. Kutoka mtaa huu sijui stendi iko upande gani, Bi Kufuli ndiye anayejua, na Bi Kufuli anauma kucha.

Betri imeacha kukatizakatiza. Ni mlio mmoja mrefu sasa. Kaka amemwuliza kinyozi kutoka hapa mpaka stendi ni dakika ngapi kwa miguu. Kidole bado kiko juu ya kitufe.