Kutoka Kiwango cha Sita

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimesahihisha madaftari ya hesabu ya Kidato cha Pili, nimeswali Alasiri, nimeketi kwenye kompyuta na kikombe cha chai. Sataranji, kama kila siku. Programu ileile, kiwango cha sita. Huu mwaka wa pili nakicheza kiwango hicho. Siku nashinda, siku nashindwa. Leo mfalme wangu amefungwa kabla chai haijapoa. Malkia ameliwa na farasi aliyekuwa wazi mbele ya macho yangu. Mara ya nne mfululizo. Programu ilijisasisha wiki jana, niliona ujumbe. Labda wameiongezea makali.

Kichwa kinauma tangu asubuhi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kipindi cha bure chote nimesoma jinsi ya kuchagua programu inayomfaa mchezaji. Kumbe sita ya hii si sita ya ile. Nyingine ukiipunguza nguvu inacheza kama bingwa, halafu inakutupia kete makusudi. Nyingine inapunguziwa tu muda wa kufikiri. Ushauri wao: chagua utakayoishinda walau mara moja katika michezo mitatu.

Nimepakua moja inayokupima kwanza, kisha inakupangia mpinzani wa kiasi chako. Michezo mitano. Ikaandika: Anayeanza.

Nimecheka. Baba alinifunza sataranji nikiwa na miaka saba. Baadaye, nikikata vitunguu, nikaona sicheki tena.

Jumamosi, 11 Oktoba

Programu ya tatu, ya kwenye simu. Kiwango cha nne, nimeshindwa. Cha tatu, nimeshindwa. Cha pili, sare.

Programu tatu za watu wasiojuana haziwezi kunisingizia. Basi ni mimi.

Mama alianza hivihivi, na miaka hamsini na minane. Alianza kwa kutia chumvi mara mbili, akaishia kuniita mwana wa jirani. Mimi nina hamsini na mmoja. Sijamwambia mume wangu. Athman yuko dukani mchana kutwa, auza vipuri vya mashini za boti. Akirudi nampakulia chakula na kumwuliza habari za mjini. Naogopa hata kuliandika jina la ugonjwa ule.

Jumanne, 14 Oktoba

Ubaoni, mbele ya wasichana arubaini. Mlinganyo wa kawaida, nimeufundisha miaka ishirini na tano. Nikafika katikati, nisijue nilikuwa naelekea wapi. Chaki mkononi. Salma wa dawati la mbele akasema kwa adabu, "Mwalimu, umeandika saba mara mbili." Nikawaambia wamalize wenyewe. Nikaketi.

Alasiri nimeweka kiwango cha kwanza ili nishinde. Nimeshinda. Sikuona raha yoyote. Sitafuti tena mpinzani wa kiasi changu. Natafuta pa kujificha.

Ijumaa, 17 Oktoba

Ndugu yangu Twaha amepiga simu kutoka Kililana baada ya swala ya Ijumaa, kama kawaida. Kila mmoja na ubao wake, tunatajiana hatua kwa mdomo. Nikataja yangu. Akasema, "Dada, rudia." Nikarudia. Akasema taratibu, "Farasi hendi hivyo, Zuhura."

Nikamwambia simu inakatika. Nikakata.

Yeye pia anamkumbuka Mama. Atamwambia Athman. Nimekasirika, halafu nimelia.

Jumapili, 19 Oktoba

Ile programu ya kwanza inahifadhi matokeo yote. Nimeyafungua. Tarehe ishirini Septemba nilishinda kiwango cha sita. Mchezo safi, hatua kwa hatua, siamini ni wangu. Nimechora mstari wangu kwenye karatasi ya grafu, na wa Mama kando yake. Mama alichukua miaka mitatu kufika pale nilipofika mimi kwa mwezi mmoja. Mistari miwili haifanani hata kidogo.

Basi si ugonjwa wa Mama. Ningepaswa kushukuru. Nimezidi kuogopa, kwa sababu hiki sikijui, na kinakwenda mbio.

Jioni Athman ameniuliza kiatu changu cha kushoto kiko wapi. Nilipanda ngazi mguu mtupu. Sikuhisi.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimemwambia Athman yote. Nimemwonyesha grafu. Amefunga duka, amenishika mkono, tumekwenda hospitali kwa miguu, ndia nzima hakuniwacha.

Daktari akauliza kama nimegonga kichwa karibuni. Nikasema hapana. Athman akasema, "Amegonga. Siyu, arusini kwa binamu yangu, mwezi uliopita. Kizingiti cha juu cha mlango. Akacheka, akaendelea kupakua biriani."

Sikumbuki. Naikumbuka arusi, naukumbuka mlango. Kugonga sikumbuki. Katika yote, hilo limenitisha zaidi.

Wanataka picha ya kichwa, Mombasa. Ndege kutoka Manda, kesho asubuhi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Damu. Imekaa kati ya fuvu la kichwa na ubongo, imejikusanya polepole, inausukuma. Daktari amenichorea. Binti mdogo, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Watatoboa na kuitoa. Akauliza nilijuaje kuja mapema, wengi huletwa wakiwa hawana fahamu. Nikamweleza habari za viwango. Ameviandika kwenye faili.

Sahihi yangu kwenye fomu imekwenda upande. Athman anasoma Yasini pembeni. Twaha amepiga, nimeshindwa kusema naye.

Naogopa kufa. Naogopa zaidi kuamka nikiwa mtu mwingine, na Athman ashindwe kuniambia.

Jumapili, 2 Novemba

Amu. Nyumbani.

Nyuzi zinawasha chini ya mtandio. Kompyuta na simu nimekatazwa mwezi mzima. Mguu wa kushoto umerudi, nausikia ninapokanyaga. Shule wamempa mwalimu mwingine darasa langu mpaka Januari. Salma na wenzake waliletwa jana kunijulia hali. Niliwajua wote kwa majina, ila nilikuwa nayakariri moyoni tangu walipobisha hodi.

Hofu haijaondoka. Kila neno likichelewa, moyo unashuka.

Leo asubuhi nimesimama jikoni, birika mkononi, nikitafuta jina la kile kitu cha kuchujia majani. Athman alikuwa mlangoni. Aliona. Hakunitajia. Alingoja tu, kama mtu asiye na haraka ya kufungua duka.

"Chujio," nikasema.

Akanipa. Tukanywa chai.