Mzee Shomari, Gari ya Bi Rehema Imetulia

Mzee Shomari,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia, lakini kwa miaka kumi na moja sikuwahi kukuambia neno lolote la kazi kabla ya hiyo, na mdomo wangu haujajua njia nyingine.

Arobaini yako imepita Alhamisi. Mama Mwanaidi alinikalisha karibu naye kwenye mkeka, akanifunga mtandio mwenyewe kwa sababu mimi huwa unanidondoka. Watu walisoma, watu walikula, na mimi nilikula. Pilau ilikuwa nzuri. Nakuambia hivi kwa sababu ndivyo nilivyokuwa: nilikuwa mtu anayeona kwamba pilau ni nzuri. Wanawake walilia pembeni yangu, wengine hawakukujua hata nusu ya ninavyokujua mimi, na mimi nilikaa kama kiti. Binti yako Mwanaidi aliniangalia mara mbili. Nadhani alitaka kuniuliza kitu, akaacha.

Sijalia, Mzee. Naandika ili ujue, usije ukasikia kwa wengine.

Gereji ipo. Kofia yako nimeiacha pale pale kwenye msumari. Kassim wa matairi anakuja asubuhi kunisalimia kabla hajafungua kwake, jambo ambalo hakulifanya ulipokuwepo, mlikuwa mnarushiana maneno tu toka upande ule wa barabara. Baba yangu naye alikuja. Ndiyo, baba yangu. Alifunga duka saa nne asubuhi, akatembea kutoka Mtaa wa Kongo mpaka Gerezani, akasimama mlangoni na shati lake jeupe akiangalia mafuta sakafuni. Akasema, "Aika, duka lipo." Nikamwambia, "Najua, baba." Akakaa dakika kumi akaondoka. Hakusema tena kwamba binti wa Machame hawezi kuzeeka chini ya magari.

Lakini sikukaa chini kukuandikia habari za baba yangu. Nataka kukuambia habari za pikapu ya Bi Rehema.

Unaikumbuka. Ndiyo gari ya mwisho uliyoishika. Ile nyeupe, mpya mpya, ambayo viti vyake bado vilikuwa na nailoni, na ulimtania Bi Rehema kwamba anauza samaki Feri lakini gari yake inanuka duka. Aliileta kwa ajili ya klachi. Siku ile ulishusha propela mwenyewe, ile nondo ndefu inayozungusha magurudumu ya nyuma, ukaitenganisha vipande viwili ukaiweka juu ya gunia, kisha ukasema grisi imeisha, kesho asubuhi ninunue kopo jipya. Halafu ukakaa juu ya tairi. Nilidhani unapumzika. Uliposema, "Aika, mpigie Mwanaidi," hukusema kwa sauti ya mtu mgonjwa. Ulisema kama unaagiza spana.

Ulipopanda bajaji, ukatoa kichwa nje. "Gari ya mtu isilale siku mbili. Maliza." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Hukusema kwaheri. Na mimi sikusema.

Kesho yake nilikuwa chini ya gari Mwanaidi alipopiga. Niliweka simu begani. Akaniambia, "Aika, baba ametutoka." Nikasema, "Sawa." Mzee, nilisema sawa! Kama vile ameniambia bei imepanda. Kisha nikamwambia nakuja. Nikakata simu. Nikarudi chini ya gari.

Nakumbuka mambo mawili tu ya saa ile. Nakumbuka kulikuwa na mtu anauza maembe anaita mtaani. Na nakumbuka niliosha mikono kwa sabuni ya unga mara tatu kabla ya kumkabidhi Bi Rehema ufunguo, nikamwambia gari iko tayari. Aliniuliza Mzee yuko wapi. Nikamwambia yuko Upanga, hospitali. Ulikuwa huko kweli. Halafu nikatembea mpaka kwako Ilala kwa miguu, na nilipofika tayari kulikuwa na viatu vingi mlangoni.

Wiki mbili baadaye Bi Rehema akarudi. Hakushuka hata kwenye gari vizuri, akaanza kusema, "Aika, hii gari inatetemeka. Nikiwa mjini haina neno. Nikitoka Kimara, nikifika themanini, kiti kinanitetemesha mpaka meno. Barafu inasagika huko nyuma."

Nikampeleka kwa Kassim, tukabalansi matairi yote manne. Akarudi. Tukahamisha matairi ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. Akarudi. Nikampeleka wakapima gari kwa kompyuta, kompyuta ikasema gari ni nzima. Nikapima uelekeo wa magurudumu. Nikaingia chini nikaitikisa propela kwa mkono, haikulegea popote. Siku ile alirudi amechoka. Anapeleka samaki mpaka Kibaha kila alfajiri, hoteli zinamsubiri, na mteja mmoja alikuwa ameshamwambia samaki wake wanafika wamepondeka.

Na ndipo aliposema. Alikuwa amesimama kwa Kassim, mimi nikiwa hatua chache tu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa huruma, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mzee alikuwa ameshachoka, Mungu amrehemu. Mkono wake wa mwisho haukuwa ule tunaoujua." Kassim akatikisa kichwa akasema, "Uzee, dada. Hata macho yalishaanza kumtupa."

Nilisikia. Sikusema kitu.

Yale maneno yakaanza kutembea, Mzee. Unaijua Gerezani. Ijumaa nilikwenda kununua beringi, muuza spea akaniuliza, "Eti ile pikapu ya Mzee bado mnahangaika nayo?" Ile pikapu ya Mzee. Nikamwambia bado. Kumbe nilikuwa nimeshakubali. Nilikuwa najiambia kwamba propela uliiunga wewe jioni ile kabla hujakaa juu ya tairi, kwamba ulikuwa mgonjwa bila kusema, kwamba mikono ilikutetemeka. Nilikuwa nakusamehe. Nilikuwa najiona mtu mwema kwa kukusamehe kimya kimya.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilimwomba Bi Rehema tutoke na gari mapema, barabara ikiwa tupu. Akaendesha yeye. Nilifanya kama ulivyonifundisha, nilichopaswa kukifanya tangu siku ya kwanza badala ya kukimbilia matairi. Tulipofika themanini ikaanza. Nikaweka kiganja kwenye usukani: umetulia. Nikaweka kiganja sakafuni: inatetemeka. Nikamwambia atie nyutro gari ikiwa katika mwendo ule ule. Injini ikashuka, mtetemo ukabaki. Basi haikuwa injini, na haikuwa magurudumu ya mbele. Kitu kinachozunguka na gari, katikati, chini yetu. Nikakusikia kabisa: "Gari haidanganyi, ila inataka umuulize kwa utaratibu." Nilikuwa nakucheka kwa hiyo ya kumwita gari kama mtu.

Tukarudi gereji. Bi Rehema akakaa kwenye benchi na chai yake. Nikainyanyua gari, nikaingia na tochi na kitambaa chenye petroli, nikaanza kufuta propela pale katikati, kipande cha mbele kinapoingia ndani ya kile cha nyuma.

Grisi iliyotoka ilikuwa nyekundu, safi.

Ile yetu ya zamani ilikuwa nyeusi, Mzee. Nyekundu ni ya kopo jipya. Na kopo jipya nilinunua mimi, asubuhi uliyofariki, wewe ukiwa kitandani Upanga.

Nikaendelea kufuta. Nikaziona nukta zako. Nukta mbili kwenye kipande cha mbele, nukta mbili kwenye cha nyuma, umezigonga kwa patasi ndogo kabla ya kutenganisha, kama ulivyofanya kwenye kila propela uliyoishika, kwa sababu ulikuwa huamini alama za rangi. Mgonjwa ulivyokuwa, uliinama ukazigonga. Nukta zinatakiwa zitazamane. Hizi za mbele zilikuwa juu, za nyuma zilikuwa ubavuni. Robo mzunguko, na propela iliyoungwa hivyo hutetemeka kwenye kasi.

Wewe ulipiga nukta. Mimi ndiye niliyeunga bila kuziangalia.

Nililala pale chini nikiziangalia. Sijui muda gani. Bi Rehema aliniita, "Aika, umeona kitu?" Nikamwambia subiri kidogo.

Nataka nikuambie ukweli wote. Kazi yenyewe ni ndogo. Unashusha, unazungusha, nukta zinatazamana, unafunga. Nikiwa nafunga ile bolti ya mwisho nilikuwa nimeshatunga maneno: nimebadilisha beringi, mama, imetulia sasa. Nani angejua? Bi Rehema angefurahi. Kassim asingeuliza. Na wewe ungebaki mzee aliyechoka mikono, ambaye watu wanamsamehe. Wewe ungekuwa na hasara gani huko uliko? Hayo niliyawaza kabisa, na sikuona hata aibu. Niliyawaza kama mtu anayechagua spana.

Tukatoka tena. Themanini. Tisini. Alipita mia moja, na chupa ya maji pale katikati ya viti haikutikisika. Bi Rehema akapiga usukani kwa furaha. "We mtoto! Umeifanyaje?"

Mdomo ukafunguka. Nilitegemea utatoa lile la beringi.

Nikamwambia, "Ni mimi."

Akapunguza mwendo. "Wewe nini?"

"Propela niliiunga mimi vibaya. Mzee aliweka alama, mimi sikuziangalia. Siyo mkono wake, mama. Ni wangu."

Alitafuta mahali akaegesha pembeni. Hakuzima gari. Akakaa anaangalia mbele muda mrefu, nikajua anahesabu zile siku. Akaniuliza, "Ile siku uliyonipa ufunguo. Uliniambia Mzee yuko hospitali."

"Ndiyo."

"Alikuwa hai?"

"Hapana."

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Nilipigiwa simu nikiwa chini ya gari yako."

Nilidhani atanifokea. Ana haki, amehangaika mwezi mzima. Akasema taratibu, "Ukaendelea kufunga bolti?" Nikamwambia Mzee alisema gari ya mtu isilale. Hapo akafunika uso kwa mikono miwili. Alilia yeye, Mzee. Mimi nilimshika bega. Nilimpa kile kitambaa changu kisafi, na nikakaa nikisikiliza injini.

Aliporudiwa na sauti akasema, "Nimemsema vibaya marehemu mbele za watu. Na wewe ukaniacha."

"Nilikuacha."

"Basi hilo tutaenda kulitoa wote wawili."

Tukaenda moja kwa moja kwa Kassim. Jumapili anafungua nusu siku, na palikuwa na mafundi wanne watano wanakunywa kahawa. Bi Rehema alisimama pembeni yangu lakini hakunisaidia kusema. Nikasema kama nilivyomwambia yeye, neno kwa neno. Nikawaambia mpaka habari ya simu. Hakuna aliyecheka. Kassim alizima mashine yake ya upepo, ikawa kimya, akakaa chini juu ya rimu. "Mzee nisamehe," akasema, kama vile uko pale ndani. Kisha akanigeukia. "Na wewe Aika, siku hiyo ungekuja kwangu. Ni kuvuka barabara tu."

Kuvuka barabara tu. Sikuwa nimewaza hilo hata kidogo.

Kutoka pale Bi Rehema hakunirudisha gereji. Alikata kulia, na nilipoona ukuta wa makaburi ya Kisutu nikaelewa. Siku ya maziko nilibaki na wanawake nyumbani, kwa hiyo sikuwahi kujua umelala upande gani. Alisimamisha gari karibu na lango, akafungua viganja akakuombea, midomo inacheza, na mimi nikasimama naye pale nje bila kujua nifanye nini na mikono yangu. Sina maneno yenu. Ya kwetu nayo hayakuja. Nikafungua viganja kama yeye, vyeusi hivyo hivyo, grisi kwenye mistari yote, nikavishikilia hewani mpaka alipomaliza.

Bado sijalia. Labda itakuja, labda haiji. Mama Mwanaidi ameniambia nisiihimize.

Mzee, nakuahidi hili moja. Nikipigiwa simu ya namna ile tena, iwe ya baba yangu au ya yeyote, gari ya mtu italala. Nitatoka chini, nitavuka barabara, nitamwambia wa kwanza nitakayemkuta kwamba nimefiwa. Kwa hili sitakutii.

Lala salama, fundi wangu. Nakuaga sasa, kwa sababu siku ile sikukuaga.

Wako katika kazi,

Aika