Kura ya Bonde Letu

Podlipje, 3 Machi

Mwanangu Nežka,

Hujambo huko Brussels? Sisi huku kijijini wazima, ila goti langu linanigombeza. Mama yako anakusalimu. Soseji zako ziko darini zinakauka.

Nimepata nafasi! Hilo Baraza la Wananchi unalofanyia ukalimani limenipa dakika tano za kuhutubia. Nitawaambia kila bonde lipige kura kila mwaka: kubaki katika muungano wa Ulaya au kutoka. Padri amecheka mpaka akakohoa. Waambie wakubwa wako walijadili wazo langu kama la mtu mwenye akili zake.

Baba yako, Vinko

Brussels, 11 Machi

Baba,

Shikamoo. Hilo goti lifunge majani ya kabichi.

Nakusihi usije. Tukijadili kila wazo la namna hiyo, tutakesha. Halafu zamu siku hiyo ni yangu. Msemaji akisema "mimi", mkalimani naye husema "mimi". Nitayasema maneno yako kama yangu, wenzangu wakisikia. Nimebanwa, Baba.

Mwanao, Nežka

Podlipje, 16 Machi

Nežka,

Afya ipo, usijali. Kumbe unanionea haya! Wazo likiwa bovu, walivunje kwa hoja. Kicheko si jibu. Tiketi ya basi nimeshanunua.

Baba yako

Brussels, 2 Aprili

Baba,

Umefika salama? Uliondoka bila kuniaga.

Uliona mwenyewe: ulipoanza tu, wajumbe walivua hedifoni za kusikilizia tafsiri wakaenda kunywa kahawa. Mimi niliendelea kuyatafsiri maneno yako. "Sina ugomvi na Ulaya. Mpaka wa nchi ulipofunguliwa, binti yangu aliondoka, na hakuna aliyeniuliza. Nataka kuulizwa." Niliyasema hayo kwa kinywa changu, ndani ya kile kibanda cha kioo cha wakalimani, na mkalimani haruhusiwi kujibu. Iliniuma sana.

Wazo lako bado silikubali. Lakini ulistahili kujibiwa.

Mwanao

Podlipje, 9 Aprili

Mwanangu,

Goti limepoa, kabichi ni dawa kweli.

Viti vitupu niliviona. Nikatazama kioo chako, nikaona mdomo wako ukienda na wangu. Nilishindwa kukuaga, ningelia mbele za watu. Padri nimemwambia nilisikilizwa na mtu mmoja, tena mbishi.

Njoo mkesha wa Mei Mosi tuwashe moto mlimani kama desturi yetu, unibishie. Mama yako amekutengea dakika tano.

Baba yako

Brussels, 15 Aprili

Baba,

Shikamoo, na pole na baridi.

Mkesha huo nimepangiwa zamu. Nimeomba kubadilishana, hakuna anayetaka. Baraza linajadili kwa nini vijana hawarudi vijijini. Nitakuwa kibandani, nikisema "mimi" ya wengine.

Soseji msizile.

Mwanao, Nežka